Siku tulipopekuliwa geto, na alichonisimulia bibi kuhusu mwaka 1983

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, wengine mmenitumia meseji mkidhani nimedisko. Sijadisko, nipo nipo sana hapa Iringa. Kuna jambo lilinikaa rohoni tangu Juni na sikujua nilianzie wapi. Sasa nimerudi kutoka likizo Mbeya, nimekaa na bibi jikoni wiki mbili nzima, nadhani naweza. Ni refu, kwa hiyo kama una pindi sasa hivi nenda kwanza, utanikuta.

Tuanze na geto. Wanaotufahamu wanajua tunakaa Kihesa, nyumba ya vyumba vitano, korido moja, choo nje, bomba uani. Tulikuwa sita. Huwa tunachanga unga na mkaa, mtu akipata bumu mapema anawabeba wengine, na nilikuwa najisifu kwamba sisi si wapangaji, sisi ni ndugu. Kumbukeni hilo neno.

Basi bwana, usiku mmoja wa Juni, na baridi ya Iringa ya Juni mnaijua, saa tisa na nusu mlango unagongwa kama unataka kung'oka. "Fungueni! Polisi!" Mimi nilidhani ni wezi, nikashika sufuria. Kha, sufuria! Wakaingia wanne, wawili wamevaa sare, wawili makoti. Tukatolewa koridoni, tukakalishwa chini sakafu ya saruji, mmoja wetu yuko na bukta tu. Wakaanza chumba kwa chumba. Magodoro chini, mabegi chini, madesa yetu ya muhula mzima wanayakanyaga.

Mwenzetu mmoja anasoma sheria, tunamwita Mwanasheria hata hajamaliza mwaka wa pili. Akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo afande, naomba kuona hati ya upekuzi." Akaulizwa, "Wewe ndio nani?" "Mpangaji." "Basi kaa chini, mpangaji." Tulikuja kucheka wiki mbili baadaye. Usiku ule hakuna aliyecheka.

Hawakutuambia wanatafuta nini. Walichukua laptopu mbili na simu tatu, wakatia kwenye mfuko wa sandarusi. Mwenyekiti wa mtaa alifika wakati wanatoka, maskini, kajifunga blanketi, ndala miguu tofauti. Akaulizwa, "Umeshuhudia, mwenyekiti?" Akasema ameshuhudia. Ameshuhudia nini? Mfuko!

Baada ya siku tisa vitu vilirudishwa vyote, hakuna hata kimoja kilichokuwa cha wizi. Kituo sikitaji, na sikuandika hapa ili kumsema askari, maana wamo wanaofanya kazi ngumu kwa mshahara mdogo. Ninachotaka kusema kinahusu hizo siku tisa.

Usiku ule tulikuwa watano. Wa sita alikuwa amelala kwa shangazi yake Ipogolo. Kulipokucha tunakusanya nguo sakafuni, mtu mmoja akasema, "Hivi ni bahati gani mtu asiwepo siku hiyo hiyo?" Yule mtu nilikuwa mimi. Nilisema kama utani. Kufikia mchana haukuwa utani tena. Alivyorudi jioni na ndizi alizopewa na shangazi yake, tukamjibu salamu kwa kunung'unika, na hakuna aliyekula zile ndizi. Hakuulizwa kitu. Angeulizwa labda angejibu. Jumapili alikuja na bajaji, akapakia godoro na begi, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Na mimi nikampa mkono!

Baadaye ndiyo tukajua. Mpangaji aliyekaa chumba kile kabla yetu, ambaye hatukuwahi hata kumwona, alitajwa kwenye kesi ya vitu vya wizi na akatoa anuani ya nyumba hii. Basi. Hakuna aliyetuuza.

Nikaenda likizo na huo mzigo. Basi likapita Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, mpaka Uyole najiuliza tu. Bibi yangu anakaa Mwanjelwa tangu ujana wake, na ukikaa naye anapika lazima umwambie kila kitu, ana namna yake ya kunyamaza. Nikamsimulia. Nilitegemea aseme pole. Akageuza maharage, akasema, "Gwe, kumbe na nyie mmepekuliwa. Sisi walikuja wakati wa Sokoine."

Mimi nasoma historia, mwaka wa tatu sasa, na "wakati wa Sokoine" nimeusoma. Nimeujibia hata mtihani. Lakini kwenye desa letu una aya mbili: sababu, matokeo. Nyumba ya bibi haimo.

Kwa wale wa masomo mengine, niwape kwa ufupi. Edward Moringe Sokoine alirudi kuwa Waziri Mkuu Februari 1983. Nchi ilikuwa hoi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita na Idi Amin vya 1978 hadi 1979 vilikula fedha, mafuta ya petroli yamepanda bei duniani, fedha za kigeni hakuna. Madukani hakuna sukari, hakuna sabuni, hakuna mafuta ya kupikia, hakuna hata betri za redio. Bei zinapangwa na Tume ya Bei, bidhaa zinapitia makampuni ya biashara ya mikoa na maduka ya ushirika, na kinachokosekana dukani kinapatikana mlango wa nyuma kwa bei ya kulangua. Mwishoni mwa Machi 1983 ukaanza msako wa nchi nzima dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Watu wakakamatwa kwanza, sheria ikafuata: Sheria ya Uhujumu Uchumi, Na. 9 ya 1983, iliyofanywa ihesabike kurudi nyuma, na baraza lake maalumu la kusikiliza kesi. Dhamana hakuna, wakili hakuna, rufaa kwenda mahakama za kawaida hakuna.

Mbeya ilikuwa mahali pabaya pa kuwa wakati huo, na pazuri pia. Tunduma ni mpaka wa Zambia, Kyela ni mpaka wa Malawi, barabara kuu na reli ya TAZARA vyote vinapita mjini. Dar watu wanapanga foleni ya sabuni, Mbeya sabuni ya Zambia inaingia kwa mgongo wa baiskeli. Sijui kama kuna nyumba Mwanjelwa ambayo haikuwa na kitu cha mpakani. Kwa sheria ile, nusu ya mji ni wahujumu.

Sasa nyumba ya bibi. Ilikuwa nyumba ya kupanga, vyumba sita, kila chumba familia au bachela. Babu alikuwa kibarua reli. Chumba cha mbele kijana mmoja anayekwenda na kurudi Tunduma. Chumba kinachofuata mwalimu wa kike wa shule ya msingi, hajaolewa, mtaratibu. Wengine siwakumbuki vizuri, bibi aliwataja kwa majina ya watoto wao.

Ilikuwa masika, mvua ya Mbeya ile ya kunyesha kutwa. Siku mbili tatu kabla, redio ilikuwa inatangaza watu waliokamatwa, na watu wakaanza kutupa mali. Hili mmelisikia, kwamba wako waliotupa baharini, mtoni, porini, mpaka fedha taslimu. Bibi anachokumbuka yeye ni povu. Mtu wa jirani alimwaga sabuni ya unga usiku kwenye mfereji wa barabarani akidhani mvua itaibeba. Asubuhi mfereji wote umejaa povu jeupe, linapanda mpaka barazani kwa watu, watoto wanacheza nalo wanaenda shule wamejipaka. Mtaa mzima umeona, na mtaa mzima ukawa unatazama pembeni.

Walikuja alfajiri. Askari, mgambo, na balozi wa nyumba kumi mbele yao. Bibi alikuwa na miche minne ya sabuni, akaifukia kwenye debe la unga. Askari kijana akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa mche mmoja. "Hii nini?" "Sabuni." "Ya nini?" "Ya kufulia, baba." Akacheka, akaondoka nao huo mmoja, na mkono wake mweupe akashika mlango. Bibi anasema alama ya vidole ilikaa pale mlangoni hakuifuta, sijui kwa nini, mpaka mwenye nyumba alipopaka rangi.

Kwa kijana wa Tunduma walikuta gunia la sukari limefika nusu, vitenge, na mafuta ya kupikia. Akachukuliwa. Kwa wengine vitu vidogo vidogo. Kwa mwalimu hawakukuta kitu. Walifungua mlango, wakatazama, wakafunga. Hawakugusa hata godoro.

Mnaona inakoelekea?

"Tukasema ni yeye," bibi akaniambia. "Nani mwingine? Anajua kuandika, anakaa na wakubwa kwenye mikutano, na kwake hawakupekua." Hakuna aliyemuuliza. Waliacha tu kumwazima kinu. Akiingia uani maongezi yanakatika. Mwezi haukuisha akahama. Bibi alikutana naye miaka ya tisini, sokoni Tukuyu, wote wamekuwa watu wazima. Wakatazamana juu ya fungu la magimbi, kila mmoja akajifanya hamjui mwenzake.

Nikamuuliza, bibi, lakini ni kweli alikuwa yeye? Akasema hapana, hata siku ile tulijua inawezekana hapana. Halafu akaniambia kitu ambacho hakimo kwenye desa lolote. Wakati ule wa uhaba, mtaani kwao bidhaa zikija ushirika zinagawiwa kwa orodha ya kaya, na orodha anayo balozi. Balozi anajua chumba cha mbele ana mtu mmoja, anastahili sukari kiasi gani, chumba cha bibi wana watoto wangapi. Mtu ambaye haji kupanga foleni ya sukari maana yake anayo. Yule mwalimu alikuwa wa kwanza foleni kila mara. Kijana wa Tunduma hakuwahi kuonekana. "Sasa hapo," bibi anasema, "nani alihitaji kwenda kusema kwa polisi?"

Nilikaa na hilo jambo siku nzima. Mfumo wa nyumba kumi TANU waliuweka miaka ya 1960 ili chama kimfikie mtu mlangoni kwake, na ulisaidia vitu vingi, usuluhishi wa ndoa, barua za utambulisho, misiba. Lakini orodha ile ile inayokupa sukari ndiyo inayomleta askari mlangoni. Na balozi aliyekuja alfajiri ile hakuja kama shahidi wa wenye nyumba, alikuja kuonyesha njia. Wapangaji hawakuliona hilo, au waliliona wakashindwa kumchukia, kwa sababu kesho watahitaji sukari. Rahisi kumchukia mwalimu.

Na hapa niseme kitu kuhusu Sokoine, msije mkanipiga mawe. Bibi anampenda mpaka leo. Alipofariki kwenye ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, bibi alilia, na babu hakwenda kazini. Kila tukipita uwanja wa mpira pale mjini Mbeya, ule wenye jina lake, anasema "huyu alikuwa mtu." Nikamwambia, bibi, askari wake walichukua sabuni yako. Akasema alitaka kuwakamata matajiri, wakamletea sisi. Wanahistoria wanabishana jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi, kwamba nyavu zilitegwa kwa papa zikajaa dagaa. Naona bibi yuko sawa nusu. Ukituma watu waingie majumbani bila kuwa na wa kuwauliza, watakwenda kwenye nyumba zilizo karibu na barabara.

Bidhaa hazikuongezeka. Wenye maduka waliogopa, wakafunga au wakaacha rafu tupu. Mwaka 1984 bajeti ikaruhusu mwenye fedha zake za nje aingize bidhaa bila kuulizwa sana alizipataje, na vitenge vile vile vilivyomfunga kijana wa Tunduma vikawa vinauzwa wazi. Sheria ya 1983 nayo ikaondolewa, ikaletwa ya 1984 ya makosa ya uhujumu uchumi iliyorudisha kesi hizo kwa majaji na kuruhusu mawakili. Kijana alirudi mwaka huo, amekonda, akachukua vyombo vyake kwa bibi, hakuuliza chochote.

Niruke kidogo. Mlango kugongwa alfajiri Nyanda za Juu haukuisha hapo. Wajomba zangu wa Rungwe wanasimulia kodi ya maendeleo, mgambo wanakuja kabla ya jua kutafuta stakabadhi ya kodi, wanaume wanalala kwenye migomba na kahawa. Ilifutwa 2003. Hiyo nitaandika siku nyingine, ina vichekesho vyake.

Niliporudi Iringa nikamtafuta Mwanasheria, nikamwambia hebu nionyeshe ulichotaka kumwambia afande. Akanifungulia Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985. Tazameni mwaka. Si kwamba kabla hapakuwa na sheria ya upekuzi, ya mkoloni ilikuwepo na hati zilikuwemo. Lakini hii imetungwa miaka miwili tu baada ya lile povu, na mwaka mmoja baada ya haki za binadamu kuingizwa kwenye Katiba, ibara ya 16 ikiwemo, ile ya faragha ya mtu na maskani yake. Haki zenyewe zilianza kudaiwa mahakamani Machi 1988.

Kifungu cha 38 kilivyotungwa kinasema mkuu wa kituo akiwa na sababu ya kushuku anaweza kupekua au kumwandikia askari wake ruhusa ya kupekua. Kwa hiyo wale wanaosema lazima iwe hakimu, hapana, tusidanganyane. Kisha kikataka vitu vikichukuliwa itolewe stakabadhi, isainiwe na mwenye mahali au aliyekuwepo, pamoja na mashahidi. Kingine kikasema hati itekelezwe kati ya jua kuchomoza na kuzama, mpaka mahakama iruhusu saa nyingine. Na kuna mlango wa dharura, kifungu cha 42, upekuzi bila hati pale jambo linapokuwa zito na la haraka. Mwanasheria anasema mlango huo umepanuka kuliko nyumba yenyewe. Mahakama ya Rufani imesema kwenye kesi zaidi ya moja kwamba stakabadhi na saini za mashahidi ni za kuhakikisha kitu kilichokamatwa kimetoka pale palipotajwa na si kwingine.

Hiyo ni faida ya mshtakiwa na ya mahakama. Lakini mimi nilivyokuwa nasoma nilikuwa nawaza watu ambao hawashtakiwi, wale wanaobaki ndani ya nyumba. Ile karatasi ingesema tunatafuta kitu fulani, cha mtu fulani, kwa amri ya fulani. Tungesoma tungejua ni yule mpangaji wa zamani. Bibi na wenzake wangejua walikuja kwa kijana wa sukari, kwa sababu ya orodha. Usipoambiwa umepekuliwa kwa nini, utajitafutia jibu mwenyewe, na jibu huwa liko karibu, linalala chumba cha pili.

Lakini pia nisijifiche nyuma ya karatasi. Afande hakuniambia niseme nilichosema. Nilikuwa nimeona aibu, nimekalishwa sakafuni na bukta, nikataka mtu wa kumtupia.

Nilimwambia bibi kwamba nimemwandikia yule mwenzetu meseji ndefu ya kuomba radhi, nikaifuta. Nikaandika nyingine, nikaifuta. Bibi akaniuliza Ipogolo ni mbali na mnapokaa? Nikasema hapana, ni daladala, unashuka kule bondeni barabara kuu. Hakusema kitu tena, akanifungia magimbi kwenye mfuko wa unga, mengi kuliko ninayoweza kula peke yangu.

Chumba chake hatujampa mtu, kodi tunagawana watano ingawa inauma. Mama mwenye nyumba ameanza kuuliza. Kesho Jumamosi sina kipindi. Magimbi yako hapa chini ya kitanda, na asubuhi naenda Ipogolo.